Sahani za Maua na Mfupa Uliomo Ndani Yake

Mwezi huu tumependa kuzungumza juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo limekwisha kuleta maneno katika nyumba zaidi ya moja tuzijuazo. Ni zile sahani nyeupe nyembamba zenye maua ya waridi na ukingo wa dhahabu, ambazo mama zetu walizipanga katika makabati ya vioo, na binti zetu hivi leo wanazitafuta minadani na kwa wauzaji wa vyombo vya kale. Mtu huipindua sahani akakuta mgongoni mwake maneno "Bone China", kijana wa nyumba akamfasiria kuwa la kwanza maana yake ni mfupa, na hapo shaka huingia. Wako waliozifungia darini sahani za arusi zao kwa neno hilo, na wako waliozitupa.

Neno hilo halikuandikwa kwa pambo. Mfupa umo kweli. Thomas Frye wa kiwanda cha Bow, London, alikwisha kutia majivu ya mifupa katika udongo wake tangu miaka ya 1740; kisha Josiah Spode na mwanawe, mafundi wa mji wa Stoke-on-Trent, Uingereza, wakaitengeneza kanuni hiyo vizuri mnamo miaka ya 1790, na viwanda vingine vikawafuata. Kanuni yenyewe ni hii: nusu ni majivu ya mifupa, zaidi ya ng'ombe, robo ni udongo mweupe wa Cornwall, na robo ni jiwe la huko huko lililosagwa. Mifupa huondolewa kwanza mafuta na uteute, huchomwa kwa moto wa kiasi cha digrii 1,000 hata isibaki ila madini meupe, ikasagwa na maji. Sahani ikisha kufinyangwa huingizwa tanurini mara ya pili, kwa moto mkali kupita ule wa kwanza. Ndiyo sababu ya wepesi wake na nguvu zake. Ukiinua sahani hiyo mbele ya taa, utaona kivuli cha vidole vyako kwa upande wa pili.

Sasa twende kwenye sharia. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, mfupa wa mnyama aliyekufa pasi na kuchinjwa kisharia ni najisi, na moto hauitohirishi najisi. Mahanafi wao wanasema kuwa mfupa wa mzoga, usiokuwa wa nguruwe, ni tohara ukisha kutokwa na mafuta yake. Na kitu kikigeuka dhati yake kikawa majivu, na hukumu yake hugeuka. Tena wanazuoni wa madhehebu yetu wenyewe waliulizwa zamani juu ya mitungi na mabirika yaliyofinyangwa kwa udongo uliochanganywa na samadi, na wako miongoni mwao waliosamehe, kwani watu wote walikuwa wakiyatumia na kuyaepuka kulikuwa na mashaka. Twaona sahani hizi haziko mbali na mitungi ile. Wala hapana ajuaye, katika sahani moja iliyo mbele yake, ng'ombe yule alichinjwaje na nani.

Sisi si mamufti, na atakaye fatwa na amwendee sheikh wa mji wake. Lakini hili tutalisema bila ya kuogopa: mwenye kutaka kujiepusha na shaka, na ajiepushe yeye. Viko vyombo vya kioo, na ziko kaure za namna nyingine zisizo na mfupa. Kujiepusha huko hakumpi mume ruhusa ya kuzitupa sahani za mkewe. Sahani alizokuja nazo mke au alizozawadiwa ni mali yake, na mali ya mtu haiharibiwi kwa dhana ya mwingine.

Ama dhahabu ya ukingoni, Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha. Lakini Imam Nawawi katika Minhaj amehalalisha, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, chombo kilichopakwa tu, na wanazuoni wakaeleza kuwa ni mpako mwembamba usiotoa kitu ukitiwa motoni. Ukingo wa sahani hizi ni wa namna hiyo. Husuguliwa miaka michache ukafutika.

Kupenda sahani si jambo geni kwa watu wa pwani. Nyumba za mawe za Lamu zina zidaka za kuwekea kaure, na makaburi ya kale ya Kunduchi na Mambrui yalipachikwa mabakuli ya Kichina. Tunaloliona zito ni kuzifanya sahani hizi mashindano. Waridi za Royal Albert ziitwazo Old Country Roses, alizozichora Harold Holdcroft, zilitolewa mwaka 1962 na zikauzwa kwa mamilioni. Basi anayekuuzia moja kwa bei ya kitu adimu anakucheka. Vilevile sahani yenye neno "England" mgongoni kwa kawaida haitangulii sana mwaka 1891, ambapo sharia ya Marekani ilianza kudai jina la nchi juu ya bidhaa. Na mgeni kulishwa katika plastiki ilhali kabati limejaa kaure, hilo hatujapata kulielewa.

Basi zitumieni, lakini kwa kujua. Rangi za maua ya zamani, khasa zile zilizopakwa juu ya ng'aro, huenda zikawa na risasi. Pitisha kidole: maua yakikwaruza au yakiwa yamefifia, sahani hiyo usiitilie achari, ukwaju, wala kitu cha ndimu au siki, kwani uchachu huivuta risasi ikaingia chakulani, nayo huwadhuru watoto kuliko watu wazima. Iwe ya ukutani. Zilizo nzima zioshwe kwa mkono na maji ya vuguvugu, zisisuguliwe kwa mchanga wala steelwool, na zenye dhahabu zisitiwe katika maikrowevu, maana hutoa cheche. Zikipangwa kabatini, baina ya moja na ya pili itiwe kitambaa.