Tulifundishwa

Katika maandishi ya Wazungu juu ya pwani yetu kipo kitabu cha namna moja kinachoandikwa tena na tena na watu mbalimbali. Mume na mke waliotumikia misheni huku katika ujana wao, wakarejea kwao na kuzeeka, hufunga safari pamoja waje kupaona tena pale walipoishi. Wakifika huulizia nyumba, kanisa, shule, zahanati, na mwembe walioupanda kwa mikono yao. Hukuta paa limebomoka, au limeezekwa upya kwa mabati. Hutokwa na machozi, hupiga picha, huaga. Na mmoja wao, aghalabu mume, hukaa chini akaandika. Nimevisoma vitabu hivyo kwa miaka mingi, vingine kwa kupenda na vingine kwa kuwa nimeombwa kuvifasiri. Leo nataka kuvishitaki mbele ya wasomaji wa jarida hili, na shitaka langu ni la sarufi.

Vitenzi vyake karibu vyote ni vya kauli ya kutenda: tulijenga, tulianzisha, tuliwatibu, tulifundisha, tulitafsiri. Kauli ya kutendwa inapojitokeza, huja kwa ajili ya hisani ndogo ndogo: tulipokewa, tulikaribishwa, tulipewa kuku. Kitenzi ninachokitafuta katika kurasa zile, nisikipate, ni kimoja: tulifundishwa. Hali kila aliyetua pwani hii bila ya neno moja la Kiswahili, akaondoka akiwa anahubiri na kuandika kwa lugha hiyo, alifundishwa na mtu. Lugha haiokotwi ufukweni kama kauri. Mtu aliketi naye, akamrudia neno mara ya kumi, akamsahihisha ngeli, akajizuia kucheka. Mtu huyo alikuwa na jina.

Naomba nisifahamike vibaya. Sigombani na dini ya mtu, na wala simkatazi mzee kupatazama mahali alipoacha ujana wake. Mume na mke kushikana mikono wakiwa na miaka sabini na zaidi, wakapanda ngazi za nyumba ambamo mtoto wao wa kwanza alizaliwa, ni jambo la utu. Ninalolikataa ni hesabu wanayokuja nayo. Wanarudi kukagua walichokiacha, na hawarudi kuulizia walichokichukua.

Tuwaangalie waliowatangulia. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akiwa na mkewe, Rosine. Mwezi Juni mwaka huo huo alianza kukifasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyeketi naye katika kazi hiyo alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Mwezi uliofuata Rosine alifariki kwa homa, na kichanga chao kikamfuata baada ya muda mfupi. Wakazikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Mwaka 1847 sura za mwanzo za tafsiri ile zilichapishwa Marekani, katika jarida la American Oriental Society. Mwaka 1862 Krapf alirudi tena pwani hii, safari hii akiwaongoza wamisionari wa Methodist walioanzisha kituo cha Ribe. Alirudi, basi, mahali alipomzika mkewe. Ni nani asiyeweza kumwonea huruma?

Lakini msomaji atazame kilichobakia katika kumbukumbu zetu. Kaburi la Rosine linajulikana, lina alama yake, na wageni hupelekwa. Sheikh Ali ni nani anayemtaja? Krapf mwenyewe, kwa haki yake, hakumficha kadhi yule. Alimtaja katika maandishi yake. Waliokuja nyuma ndio waliomfuta, wakafupisha habari yote kwa maneno matatu: Krapf alitafsiri Mwanzo. Mtu wa miezi michache katika mji, asiye na kamusi wala kitabu cha sarufi kilichotangulia, alitafsiri! Mimi ni mfasiri, na nasema kwa ujuzi wa kazi yangu kwamba jambo hilo haliwezekani. Walitafsiri watu wawili.

Krapf huyo huyo alizipata hati za tenzi zetu zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, akazipeleka Ujerumani, na mwaka 1854 zikawa mali ya maktaba ya Deutsche Morgenländische Gesellschaft, ambayo makao yake ni Halle. Miongoni mwake mlikuwa na Utenzi wa Tambuka, unaoitwa pia Chuo cha Herekali, kazi ya Mwengo wa Athman aliyetunga kule Pate mwaka 1728. Sisemi ziliibwa. Yawezekana zilitolewa kwa ridhaa, na yawezekana kule zimesalimika na mchwa. Nasema tu kwamba mtu anayesimulia yale ambayo misheni ilituletea pwani, tukiwa eti tumekaa tunangoja kufundishwa kusoma, ana wajibu wa kuieleza na safari hiyo ya upande wa pili: utenzi wa kurasa nyingi, uliotungwa zaidi ya miaka mia kabla ya mmisionari huyo kushuka, ukisafiri kwenda Ulaya.

Mfano wa pili unatugusa zaidi sisi wapenzi wa shairi. William Taylor wa Church Missionary Society alikuja Mombasa katika miaka ya 1880, akakipenda Kiswahili kuliko wengi wa wenzake. Mwaka 1891 alitoa kitabu cha methali za Waswahili, na karatasi zake ndizo zilizotuhifadhia tungo za Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki yapata mwaka 1840, kabla ya mmisionari yeyote kati ya hawa kutia mguu. Je, Taylor alizipata wapi tungo za mtu aliyekufa miaka arobaini kabla yake? Alizipata kwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyezikusanya kwa wazee, akazieleza neno kwa neno. Sikujua alifariki mwaka 1890. Tungo zikatoka kitabuni mwaka 1940, kule Johannesburg, kwa mkono wa William Hichens. Karatasi zenyewe ziko London. Tukae tuzihesabu hatua hizo: Mombasa, London, Johannesburg. Mpaka Mohamed Abdulaziz alipotoa kitabu chake juu ya Muyaka mwaka 1979, Mmombasa aliyetaka kumsoma mshairi wa mtaa wake alilazimika kumtafuta kwa wageni.

Atasema mtu: kama si Taylor, Muyaka angepotea. Nakubali. Nami nasema: kama si Sikujua, Taylor angerudi kwao na daftari jeupe. Kweli mbili hizi hazipingani. Tatizo ni kwamba ya kwanza imefanywa historia, na ya pili imefanywa shukrani ya ukurasa wa mwanzo.

Sasa turudi kwa hawa wa zama zetu, wanaokuja kwa ndege na mfuko wa dawa. Mara kadhaa nimeombwa kufuatana na wenzi kama hao, kwa kuwa Kiswahili chao kilikuwa kimechakaa. Mimi sikusoma chuo. Kiingereza nilikichuma kwa kamusi na redio, na pengine ndiyo maana sikio langu huwa macho kwa nani amesema nini. Nimeona jambo hili likijirudia: mume huulizia jengo, mke huulizia mtu. Bwana hutaka kujua bomba la maji lilikufa lini. Bibi hunishika mkono akauliza kama Fulani yu hai, aliyekuwa na mtoto mwenye pumu. Wanawake hawa walikuwa jikoni, kisimani, kwenye foleni ya zahanati. Huko ndiko lugha ilikokuwa, na wao ndio walioijua vyema. Lakini kitabu kikija kuandikwa, huandika mwenye kukumbuka majengo. Kwa hiyo aliyefutwa hapa si mwalimu wa pwani peke yake. Mke wa mmisionari naye amefutwa pamoja naye, akabakizwa katika ibara ya "mimi na mke wangu".

Nilipelekewa kitabu kimoja cha namna hiyo baada ya safari niliyofuatana nao. Bibi kizee mmoja wa bara, aliyekuwa amekumbatiana na mke yule kwa muda mrefu pale tulipokwenda, alisikia habari zake akanitumia mtu: nije nimsomee mahali alipotajwa. Nikaenda. Nikatafuta. Palikuwa na mstari mmoja, na jina halikuwamo. Mwandishi alimwita "mpishi wetu mwaminifu". Nikamfasiria kama ulivyo, kwani sijui kufasiri vingine. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, mpishi walikuwa naye mwingine. Mimi nilikuwa nikiwafundisha kusema. Hotuba ile ya Jumapili nilikuwa nikiisikiliza Jumamosi, nikimwondolea makosa, watu wasije wakamcheka."

Hilo si jambo dogo la adabu. Mwanamke yule alifanya kazi ya ualimu na uhariri kwa miaka, na maandishi pekee yatakayobaki juu yake yamemweka jikoni. Wajukuu zake wakija kusoma, watasoma hivyo. Neno lililochapishwa lina nguvu ya hati ya kiwanja: asiyeandikwa hana chake.

Nisiwaonee wageni nikawaachia wenyeji. Sisi tumewasaidia mno katika kosa hili. Wanapokuja, tunawaandalia hafla, tunapanga viti, na msemaji wetu husimama akawashukuru kwa kutuletea elimu na maandishi. Maandishi! Barua za Kiswahili za mwaka 1711, zilizoandikwa Kilwa, zimehifadhiwa Goa hadi leo. Nasi tunamshukuru mzee wa watu kwa kutuletea kalamu. Aibu ya mgeni anayesikia hivyo na kunyamaza ni ndogo kuliko aibu yetu tuliosema. Vilevile tunaziacha hati katika makasha mpaka zikaliwa na mchwa, halafu tunalalamika kwamba zilizosalimika zi London na Halle. Na walimu wetu wenyewe tunawataja? Ninawajua washairi wanaochapisha diwani bila ya kumtaja aliyewafundisha mizani, kwa kuwa alikuwa mvuvi au mshona kofia.

Basi nasema ninachokitaka, kwani lawama isiyo na dai ni kelele tu.

Kwa wenzi ambao bado wanakusudia kuja: njooni, karibuni, lakini kabla ya kuulizia paa, ulizieni waliowafundisha. Andikeni majina yao kamili, ubini na mtaa, na andikeni walichowafundisha. Na kalamu na ashike mke, japo kwa sura moja.

Kwa wenye maktaba na mabohari ya misheni huko Ulaya: madaftari ya lugha, barua, kanda za sauti na picha zenye watu wetu zitolewe nakala, zije huku. Baadhi ya hati za London siku hizi zimepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti, na hilo ni jema. Lakini bibi wa bara hana kompyuta, na jina lake haliwezi kutafutwa kama halikuandikwa. Picha iliyoandikwa chini yake "wanafunzi na mtumishi" irudishwe hapa ingali wapo wanaoweza kusema mtumishi yule alikuwa nani.

Kwa sisi wa visiwani na mwambao: wazee waliowafundisha wageni hao lugha wanakwisha mmoja mmoja. Kila mwenye bibi, babu, mjomba au jirani aliyekaa na mmisionari, daktari au mtafiti akimsahihisha maneno, na akae naye leo, aandike jina, mwaka na kazi aliyoifanya. Ukurasa mmoja unatosha. Tuwaombe wahariri wa jarida hili watutengee nafasi ya kuyachapisha majina hayo toleo baada ya toleo, na nakala zipelekwe kwa wale walioandika "mpishi wetu", ili watakapochapisha tena vitabu vyao wapate pa kunakili.