Kushindwa si Ushahidi

Mwandishi anayetaka mchezaji wa michezo ya mtandaoni afungiwe akaunti mara tu wapinzani kadhaa wanapomlalamikia kuwa anadanganya ameigeuza hasira ya walioshindwa kuwa hukumu. Nakataa.

Anadai kwamba risasi iliyompata akiwa tayari nyuma ya ukuta ni ithibati ya programu haramu. Sivyo. Katika michezo mingi ya kufyatuliana risasi mtandaoni, seva hurudisha saa nyuma kidogo na kupima kile alichokiona mfyatuaji kwenye skrini yake. Kijana wa Ngoliba, Kenya, anayecheza kwa bando la simu, seva ikiwa ng'ambo, anakuona ungali wazi ilhali kwako umeshajificha. Mtandao wake ukikwama, mhusika wake huonekana akiruka kutoka hapa hadi pale. Huo ni umbali na mtandao, si wizi.

Mwaka 2016 huko Korea Kusini, msichana aliyejulikana kama Geguri, mchezaji wa mchezo wa risasi wa Overwatch, alituhumiwa vivyo hivyo kwa sababu ya shabaha yake kali. Kampuni ya Blizzard, iliyoutengeneza mchezo huo, ilimsafisha, na bado akalazimika kucheza mbele ya kamera, mikono yake ikionekana. Kwa nini aliye safi ndiye abebe mzigo huo?

Matapeli wapo, na wakithibitika wafungiwe bila huruma. Lakini anayeshtaki alete rekodi ya mechi nzima, waamuzi waitazame, na jina la mtuhumiwa lisisambazwe kwenye makundi ya WhatsApp kabla ya uamuzi. Tuhuma ikianguka, mshtaki aombe radhi palepale alipomchafulia mwenzake jina.