BASTOLA NA BILAURI MEZA MOJA

Zipo sheria zinazotungwa na mtu mmoja na mzigo wake ukabebwa na mwingine. Leo twaitazama moja ya namna hiyo, ya jimbo la Tennessee, Marekani.

Mwaka 2009 Baraza la Kutunga Sheria la jimbo hilo lilimruhusu mwenye leseni ya bastola aingie nayo katika mikahawa inayouza pombe, kwa sharti kwamba yeye asinywe. Gavana Phil Bredesen aliikataa sheria hiyo. Wajumbe wakapiga kura tena, wakamshinda. Watu wakaenda mahakamani mjini Nashville, na mwezi wa Novemba mwaka ule ule sheria ikatanguliwa, kwa kuwa haikueleza wazi mkahawa ni upi na baa ni ipi. Mwaka 2010 wajumbe wakaileta nyingine pana zaidi: mahali po pote panapouzwa pombe, isipokuwa mwenye mahali aweke tangazo la kukataza. Gavana akakataa tena, wakamshinda tena.

Walioitaka sheria hiyo walikuwa na hoja, nasi hatutaificha. Walisema mwenye leseni amefundishwa na amechunguzwa. Kwa nini asiweze kujilinda yeye na watoto wake kwa sababu tu meza ya jirani ina bia? Hoja hii si ya kipumbavu. Lakini imesimama juu ya nguzo mbili, na zote mbili ni dhaifu.

Nguzo ya kwanza ni leseni. Tangu tarehe 1 Julai 2021 jimbo hilo limewaruhusu watu wazima wengi kubeba bastola bila leseni yo yote. Nguzo iling'olewa, ruhusa ikabaki.

Nguzo ya pili ni sharti la kutokunywa. Je, nani atalisimamia? Bastola imo ndani ya koti. Mtumishi wa meza haioni. Akiagizwa bia, huleta bia. Atakapoiona, ugomvi umekwisha kuanza, naye amesimama katikati na sinia mkononi. Pombe si chai. Sharti hili lamtaka mtu ajizuie mwenyewe, mahali ambapo wengi huenda ili wasijizuie.

Wajumbe walipiga kura wakaenda zao. Aliyebaki na hatari ni mtumishi yule, ambaye hakuulizwa neno.

Sisi twasema wazi: panapouzwa pombe, bastola isiingie. Amani ya watu haiwekwi juu ya tangazo la mlangoni wala ahadi ya mnywaji.

Na ninyi wanachama, lishikeni swali hili, maana halihusu bastola peke yake. Kila mswada uletwapo mbele yenu, msiulize tu nani ameuleta. Ulizeni: nani ataubeba? Kisha mwiteni huyo mkutanini, asikilizwe kwanza.