Bibi Elizabeth Powel wa Philadelphia

Mwezi huu twapenda kuwaelezeni habari za bibi mmoja wa Marekani ya zamani, aliyepewa mali na jaha, kisha akajaribiwa kwa misiba mizito.

Bibi Elizabeth alizaliwa mwaka 1743 katika mji wa Philadelphia. Baba yake, Charles Willing, alikuwa tajiri wa biashara na aliwahi kuwa meya wa mji huo. Mwaka 1769 Elizabeth aliolewa na Samuel Powel, kijana tajiri aliyekuja kuwa meya wa mwisho chini ya utawala wa Waingereza, 1775 hadi 1776, kisha akawa meya wa kwanza baada ya uhuru, 1789 hadi 1790.

Nyumba yao ilikuwa katika Third Street, na ingali imesimama hata leo. Wakuu wa nchi walikuwa wakikusanyika humo, akiwamo George Washington. John Adams, ambaye baadaye alikuja kuwa rais, alikula humo mwaka 1774, akaandika katika daftari lake kuwa ile ilikuwa karamu ya dhambi, kwa jinsi vyakula vilivyopita kiasi.

Lakini utajiri haukuizuia huzuni kuingia katika nyumba ile. Bibi huyu alijaliwa kuzaa, ila hapana hata mtoto wake mmoja aliyeishi akakua. Tena, kwa sheria ya nchi ile siku hizo, mali ya mke ilikuwa chini ya mkono wa mumewe, isipokuwa palipokuwa na mkataba maalumu. Msomaji wetu aliyezoea kuona mke akimiliki mahari yake mwenyewe hana budi atastaajabu. Wala hakuwa na haki ya kupiga kura.

Basi alibakiwa na nini? Alibakiwa na akili yake na ulimi wake. Mwaka 1787, wakuu walipomaliza kuandika Katiba mjini humo, yeye ndiye aliyemwuliza mzee Benjamin Franklin kama wamepata jamhuri au ufalme. Mzee akamjibu kuwa ni jamhuri, iwapo watu wataweza kuitunza.

Mwaka 1792 Washington alimweleza kuwa ataka kuuacha urais. Wengi katika hali hiyo wangalisema maneno ya kumpendeza mkubwa. Bibi Powel hakufanya hivyo. Tarehe 17 Novemba alimwandikia barua ndefu, akamwonya kuwa akiondoka wakati ule umoja wa nchi utaingia hatarini, na kwamba wabaya wake watasema yote aliyoyatenda aliyatenda kwa kutaka ukubwa, na kwa kuwa nchi haina la kumpa tena, hataki kujitia hatarini kwa ajili yake. Wako wengine pia waliomsihi, na Washington akakubali kutawala mara ya pili.

Haukupita mwaka, homa ya manjano ikaushukia mji. Mwaka 1793 watu wapatao 5,000 walikufa, yaani karibu mtu mmoja katika kila kumi. Familia ya Washington iliwakaribisha akina Powel nyumbani kwao Virginia, lakini hawakwenda. Bwana Powel alishikwa na homa hiyo akafariki mwezi wa Septemba.

Hapo mjane akachukua mwenyewe usimamizi wa mali. Mumewe alikuwa amemwachia karibu urithi wote, naye akauendesha kwa hesabu na uangalifu zaidi ya miaka 36, akamlea mtoto wa dada yake kama mrithi wake, hata alipofariki Januari 1830.

Ndugu wasomaji, karamu zile zimekwisha na waliozila wamekwenda. Linalokumbukwa ni neno la kweli lililosemwa kwa adabu mbele ya mwenye nguvu. Basi enyi vijana, na hasa mabinti zetu, jifunzeni kusoma, kufikiri na kuandika vizuri, kwani huenda siku moja mtu mkubwa akawa anahitaji nasaha, na karibu naye hapana mwenye ujasiri wa kumpa isipokuwa ninyi.