Filodendroni Yako Haitaki Kuning'inia

Wasee, leo kuna watu nitawaudhi. Ile filodendroni umeweka juu ya rafu, imeteremka hadi kwa TV, majani yamekuwa madogo kama sarafu na shina limebaki refu kama waya wa chaja? Hiyo umeifanya pambo la picha. Ni mmea wa kupanda juu, na wewe umeulazimisha kushuka.

Najua kwa sababu nilifanya vibaya kukuliko. Nilipohamia bedsita yangu nilinunua moja kwa mama wa miche kando ya barabara, mia tano, halafu nikatafuta chungu cheupe cha mia nane. Ndio, chungu kilishinda mmea bei. Hakikuwa na shimo chini. Nikawa nauwekea maji kila asubuhi nikipiga mswaki. Majani yakageuka njano, nikadhani ni kiu, nikaongeza maji! Nilipoung'oa, mizizi ilikuwa kahawia, laini, inanuka kama mtaro.

Mizizi inahitaji hewa pia, hiyo hakuna mtu aliniambia. Dunga kidole kwa udongo: kikitoka na unyevu, achana na huo mmea. Juni na Julai Nairobi jua likipotea, unaweza kumaliza hata wiki mbili bila kumwagilia. Na usiupande kwa ule udongo mweusi unaonata viatu huko Embakasi na Syokimau mvua ikinyesha. Huo unashika maji kama deni. Changanya udongo mwekundu, mboji, mchanga kidogo na vipande vya makaa. Weka karibu na dirisha, lakini jua la mchana lisiuchome.

Sasa turudi kwa kupanda. Jina lenyewe limetoka Kigiriki, maana yake ni mpenda mti. Kwao ni misitu ya joto ya Marekani ya Kati na Kusini. Huko unaanza chini kwenye kivuli, unatafuta shina la mti, halafu mizizi midogo inayotoka kwa vifundo inashika gome, unapanda kufuata mwanga. Vile unazidi kupanda ndivyo majani yanazidi kuwa makubwa. Ukikosa cha kushika, unarefuka tu na majani yanabaki madogo.

Kwa hivyo tafuta fito. Mimi niliokota ya bure kwa mjengo, nikaizungushia gunia, naloanisha gunia mara kwa mara. Funga shina na uzi laini, usikaze. Majani mapya ya kwangu sasa yanakaribia kiganja, na ya kwanza yalikuwa kama kifuniko cha soda.

Halafu hii biashara ya majani ya pinki, manze. Ukiona inaitwa Pink Congo, shika pesa yako. Kwanza haijatoka Congo. Pili, ile pinki imeletwa na kemikali, na baada ya miezi kadhaa majani yanayoota ni kijani kama ya wengine wote. Unalipa kodi ya nyumba na bado unataka kulipia rangi ya muda? Zii.

Hii ya kawaida hata usinunue, omba. Jirani yangu wa floo ya tatu alinikatia kipande chini kidogo ya kifundo, nikakiweka kwa maji, mizizi ikatoka. Lazima kifundo kiwepo, jani peke yake litakaa hapo likikuangalia mpaka lioze. Na kama una paka ama mtoto anayeweka kila kitu mdomoni, weka mbali, kwa sababu utomvu wake una vijisindano vinavyochoma mdomo na koo.

Nina vipande vitatu kwa chupa dirishani. Mtu wa Umoja akuje achukue, lakini akuje na fito yake.