Mtambo wa sauti hauwezi kufuata saa mbili

Haya, leo tuachane kidogo na PHP na hifadhidata. Kuna swichi ndogo kwenye vifaa vya kurekodi sauti inayoharibu kazi za watu, na kwa maoni yangu lawama iwaendee wanaotengeneza vifaa hivyo kabla ya wanaovitumia. Ni ile ya kuchagua saa: INT au EXT.

Kwa wasiojua, sauti ya dijitali ni msururu wa namba. CD huwa na sampuli 44,100 kwa sekunde, video kwa kawaida 48,000. Ndani ya kifaa kuna fuwele ya kwatzi, kama inayoendesha saa ya mkononi, na mapigo yake ndiyo yanayoamua sampuli ichukuliwe lini. Hiyo ndiyo saa ninayoisema. Ukiwa na kifaa kimoja huna taabu. Taabu huanza siku unaponunua kisanduku cha kuongeza maikrofoni nane na kukiunganisha na kadi yako ya sauti kwa kebo ya mwanga ya ADAT. Sasa saa ni mbili, na hakuna fuwele mbili zinazopiga sawasawa kabisa.

Tupige hesabu. Tuseme zinatofautiana kwa sehemu 20 katika milioni, jambo la kawaida tu. Kwa sampuli 48,000 hiyo ni karibu sampuli moja kila sekunde. Inadondoka, au inarudiwa, nawe unasikia "tik". Waandishi wa programu wenzangu watasema basi tuweke bafa. Wapi! Tangi linaloingiza maji zaidi ya linayotoa litafurika tu, hata ulifanye kubwa namna gani. Bafa ya sampuli 256 itamalizwa na tofauti hiyo ndani ya dakika nne na nusu hivi. Ndiyo maana mtu anajaribu mitambo dakika moja, anaridhika, halafu kelele zinaanza katikati ya harusi.

Mwaka jana kwaya moja iliniletea rekodi zake. Nyimbo sita, zote zina "tik, tik" kama mtu anayevunja njugu. Walikuwa wamelaumu kebo wakanunua nyingine, wakalaumu draiva, wakaweka Windows upya. Vifaa vyote viwili vilikuwa kwenye INT. Kurekebisha kulichukua sekunde chache, lakini mwimbaji wao wa solo alikuwa nyumbani kwa likizo tu, na kufikia wakati huo alikuwa amesharudi kazini Qatar.

Kanuni yenyewe ni rahisi: mmoja anapiga, wengine wanafuata. S/PDIF na ADAT hubeba mapigo ya saa ndani ya kebo ileile inayobeba sauti. Kama kebo ni moja tu, kutoka kwenye kisanduku kwenda kwenye kadi, kisanduku kiwe INT, na kadi uiambie ifuate ADAT. Kama zipo kebo za kwenda na kurudi, mimi hupenda kadi iongoze, kwa sababu ukibadilisha kasi ya sampuli kwenye kompyuta kisanduku kinafuata chenyewe. Angalia pia kwamba tundu la mwanga ni lilelile kwa ADAT na S/PDIF. Ukichagua aina isiyo sahihi kwa kawaida hupati wimbo kabisa.

Na hilo kwangu ni kosa zuri. Ukimya unausikia. Hata faili ya 48,000 ikichezwa kwa 44,100, dakika 60 zinakuwa 65 na sauti inazama, mtu yeyote atashtuka. Saa mbili zisizoelewana hazikushtui. Zinakupa rekodi inayofanana na nzuri mpaka uvae vipokea sauti vya masikioni usiku.

Kifaa kinachopokea kinaweza kupima kwamba mapigo yanayoingia hayalingani na yake. Kinajua! Lakini vingi huwasha au kupepesa kitaa kidogo tu, mara nyingine mahali ambapo hakuna anayetazama. Hebu fikiria hifadhidata inayopoteza safu moja kila sekunde na kukuarifu kwa kitaa. Ungeinunua? Programu ya kurekodi ingepaswa kugoma kuanza, au angalau kuweka alama kwenye faili mahali saa zilipoachana. Mac ina menyu ya kuchagua chanzo cha saa unapounganisha kadi kadhaa kuwa moja, na kisanduku cha kuweka tiki ili irekebishe tofauti. Ni mwanzo mzuri, ila mpaka uende mwenyewe kuitafuta.

Kuna wanaouza saa kando, kisanduku kizima cha kupiga mapigo tu. Studio yenye vifaa kumi, sawa. Wewe mwenye viwili, hiyo pesa nunua maikrofoni.