Kumuuguza mwenza aliyepata kiharusi si kumfanyia kila kitu

Mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kutoka hospitalini, ndugu hufurahi kana kwamba safari imekwisha. Kwa mume au mke wake, hapo ndipo inapoanza. Wodini kulikuwa na wauguzi. Nyumbani kuna godoro, ndoo ya maji, vidonge vya shinikizo la damu na mtu ambaye juzi alikuwa nguzo ya familia, leo hawezi kufunga kifungo cha shati.

Huruma humsukuma mwenza kumlisha, kumvisha, kumwogesha na hata kumjibia wageni. Siku za mwanzo ni lazima iwe hivyo. Lakini hali hiyo ikiendelea wakati mgonjwa ameanza kupata nguvu, huruma hiyohiyo humchelewesha kupona.

Sababu iko kwenye ubongo. Kiharusi hutokea mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka, na sehemu ya ubongo ikafa. Sehemu hiyo hairudi, ila zilizobaki zinaweza kujifunza baadhi ya kazi zake kwa kurudia tendo lilelile mara nyingi, kila siku. Ukimshikia kijiko anachoweza kukishika mwenyewe, umemnyang'anya zoezi.

Nafuu kubwa zaidi huonekana katika miezi 3 hadi 6 ya kwanza. Ndiyo maana ni hasara kubwa familia inapoacha kliniki ya mazoezi ya viungo na kuitumia miezi hiyo kuzunguka ikitafuta aliyemroga mgonjwa. Wala si sahihi kukata tamaa miezi hiyo ikipita, kwani wapo wanaoendelea kupiga hatua ndogondogo hata baada ya mwaka.

Kanuni ni rahisi kuisema, ngumu kuitekeleza: mwache ajaribu, subiri, kisha saidia pale tu anapokwama. Shati lianzie mkono dhaifu wakati wa kuvaa, na mkono wenye nguvu wakati wa kuvua. Ikiwa kuvaa kunachukua nusu saa, amkeni mapema.

Yapo mambo yasiyoachwa yajiendee. Usimwinue kwa kumvuta mkono uliolegea, wala usiruhusu mtu auchue kwa nguvu, kwani bega lake huumia kirahisi. Anapojifunza kutembea, simama upande dhaifu na ushike mkanda au kanga iliyofungwa imara kiunoni mwake. Asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda. Wakati wa kula akae wima, ale kidogokidogo, na abaki ameketi kwa nusu saa. Akipaliwa au kukohoa kila anapokula, mpeleke kwa daktari kabla chakula hakijaingia kwenye mapafu.

Asiyeweza kusema si lazima awe haelewi. Zima redio, tumia sentensi fupi, uliza maswali ya ndiyo au hapana, kisha ngoja jibu. Mshirikishe kuamua kuhusu ada za watoto, shamba na michango ya harusi. Kumvua cheo chake nyumbani ni ulemavu mwingine, na huu tunamletea sisi.

Karibu mgonjwa 1 kati ya 3 hupata sonona baada ya kiharusi. Akikataa mazoezi, akilia ovyo au akinyamaza siku nzima, usimwite mvivu wala asiye na shukrani. Mweleze daktari, maana sonona inatibika.

Vidonge vya shinikizo la damu visiachwe kwa sababu kipimo kimesoma vizuri. Kimesoma vizuri kwa sababu anavimeza. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea ghafla au kauli ikipotea, kimbilieni hospitali saa hiyohiyo.

Na mwenza je? Mgongo unamuuma, usingizi umekatika, genge limefungwa. Kumtembelea mgonjwa na kumwachia mwenza wake ushauri peke yake hakutoshi. Shemeji, dada na watoto wakubwa wapange zamu, hata nusu siku kwa wiki, ili naye alale, aende sokoni, apime shinikizo lake mwenyewe. Watoto wadogo nao wana kazi: kumhesabia baba au mama mazoezi yake.

Hospitali nazo zina deni. Kabla ya kusaini karatasi ya ruhusa, mwenza afundishwe kwa vitendo, kando ya kitanda, namna ya kumgeuza, kumsimamisha na kumlisha mgonjwa. Nawe unayeuguza, usiondoke wodini kabla hujaonyeshwa, ukajaribu mwenyewe mbele ya muuguzi. Ni haki yako kuuliza.